Kivuli cha Mtoni: Akina Mama wa Myamba Katika Bustani za Masultani

Huku kwetu Myamba, kwenye Milima ya Upare wilayani Same, ukimwambia mtu kwamba unakwenda bustanini atakuuliza kama utamchumia mnafu kidogo. Bustani kwetu ni mboga. Ni matuta ya mchicha, vitunguu na sukuma wiki, pengine na mpera mmoja pembeni uliopandwa na ndege. Maua ya mlangoni ni mambo ya mama mwenye nyumba. Baba hayahesabu, na mtoto huyaona pale tu anapotumwa kuyamwagilia. Tena tangu tangawizi ilipoanza kuleta fedha ya maana, hata hicho kipande cha maua kimeingia kwenye kesi. Tangawizi inasomesha watoto wetu na kuezeka nyumba zetu, kwa hiyo si rahisi kuisema vibaya. Lakini akina mama wenzangu wa milimani mnajua ninalosema. Shamba limesogea mpaka kizingitini.

Basi kikundi chetu cha akina mama kilipoamua kwamba safari ya mwaka itakuwa ya kwenda Unguja kutazama bustani za kale za masultani, walikuwapo waliocheka. Mzee mmoja alituuliza kama kule tutalipwa kwa kutazama majani. Sisi Wapare tunajulikana kwa kuhesabu senti, nami sikumlaumu. Tulikuwa tumeweka kidogo kidogo kwa miezi kumi na minne. Tulikuwa kumi na wawili. Mdogo wetu alikuwa na mtoto wa miaka miwili aliyemwacha kwa bibi yake, na mkubwa wetu alikuwa bibi wa miaka sabini na mitatu, ambaye hakuwahi kuona maji mapana kuliko ndiva ya ukoo wao. Kwa wasomaji wasio wa huku, ndiva ni bwawa la kuchimbwa: maji ya kijito hukusanywa humo usiku, asubuhi yakafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu, na likijaa tope watu huitwa msaragambo kulizoa.

Mmoja wetu alisafiri na jambo moyoni. Wiki ile ile ya safari mume wake alikuwa amemwambia, bila ugomvi wowote, kwamba akirudi wataulima ule uwanja ulio mbele ya nyumba na kuupanda tangawizi. Katika uwanja ule mna mawaridi, mna mchungwa mmoja mkubwa, na chini ya mchungwa mna benchi. Alimjibu, "Tutazungumza nikirudi, Baba Watoto," akafunga begi lake. Njia nzima alikuwa akitusikiliza tu.

Tulishuka milimani alfajiri kwenye ukungu, tukapita Same kunakucha, na kwa njia ya Mombo, Korogwe na Chalinze tukafika Dar es Salaam miguu imevimba. Kesho yake tukapanda boti. Boti ziendazo kasi huchukua kama saa mbili hadi Unguja. Bibi yetu alishikilia chuma cha kiti safari nzima, akawa anasali kwa Chasu, na tulipofika alidai kwamba hakuogopa.

Mtoni iko kilomita chache kaskazini ya mji, ufukweni kabisa. Jina limetokana na kijito kinachoingia baharini mahali pale. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani aliyehamishia makao yake Unguja, alijenga kasri hili karibu na mwaka 1830. Leo utakuta kuta zilizosimama bila paa, madirisha yasiyo na mbao, hamamu zilizobaki nusu na miti iliyojiotea. Moto wa mwaka 1914 ulimaliza sehemu kubwa ya kilichokuwapo. Ukiingia bila kuambiwa kitu, utaona magofu tu, utapiga picha moja na kuondoka.

Lakini sisi tuliambiwa. Mwanamke mmoja aliyezaliwa ndani ya kuta zile aliandika kila kitu. Ni Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni tarehe 30 Agosti 1844. Kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka Ujerumani mwaka 1886, na bila yeye pasingekuwa na mtu wa kutuambia bustani ile ilikuwaje. Anasema uwanja wa ndani ulikuwa mpana, na humo walitembea huru tausi, swala, heroe, mabata, mabatabukini na hata mbuni. Kijito kilipita uani. Upande mmoja zilipangwa hamamu, na kuzizunguka ilisimama michungwa mirefu. Watoto walipanda juu ya michungwa ile na kujificha kwenye majani wasionekane na mwalimu wao wa kike, ambaye alikuwa mkali kupita kiasi. Kulikuwa na tausi mmoja mkorofi aliyewashambulia. Siku moja watoto wakamkamata na kumng'oa manyoya ya mkia. Hapo akina mama wote tulicheka, kwa sababu hakuna aliyekosa kumtambua mtoto wake mmoja katika kisa hicho.

Upande wa baharini palikuwa na roshani ya mviringo, kubwa kama chumba. Seyyid Said alipenda kutembea pale, kwenda na kurudi, akiwa ameinamisha kichwa. Watu wa nyumba yake walikunywa kahawa hapo, upepo wa bahari ukiwapiga. Tulisimama karibu na mahali hapo saa kumi jioni na upepo ukatupiga hata sisi, bila kahawa.

Msichana aliyekuwa akitutembeza, Mzanzibari wa adabu sana, alimwamkia bibi yetu "Shikamoo bibi" kila tulipobadilisha mahali, kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana. Yeye ndiye aliyetueleza jambo lililonyamazisha kundi zima. Mama yake Salme, Jilfidan, hakuzaliwa Unguja wala Uarabuni. Alitoka Circassia, kwenye milima ya Kaukazi. Alikuwa mtoto wa mkulima. Vita vilipofika kwao wazazi wake waliuawa mbele yake, naye, akiwa na umri wa miaka kama saba au minane, akachukuliwa. Mwishowe akanunuliwa na kuletwa hapa, akalelewa pamoja na watoto wa sultani, na alipokua akawa suria wake. Jilfidan alikuwa akikaa chini ya michungwa ile. Alivaa hariri, alikuwa na watumishi, na watu walimheshimu. Alifariki kwa kipindupindu mwaka 1859, miaka mitatu baada ya Seyyid Said.

"Kwa hiyo," bibi yetu akauliza taratibu, "aliyekuwa akichota maji alikuwa mtumwa, na aliyekuwa akikaa kivulini naye aliletwa hapa kwa kununuliwa?"

Msichana akajibu, "Ndiyo, bibi. Ndivyo ilivyokuwa."

Tangu hapo sikuweza tena kutazama bustani kama nilivyokuwa nikitazama. Kila tulipokwenda nilijiuliza maswali mawili: nani alichota maji, na nani aliruhusiwa kukaa. Wenzangu nao wakaanza kuuliza hayo hayo, mpaka ikawa kama mchezo, ingawa haukuwa mchezo.

Salme mwenyewe alitoka Mtoni mapema, akajifundisha kuandika kwa siri. Wasichana walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika kulikuwa kwa wavulana. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, unaotumika kama ubao, akawa ananakili herufi kutoka msahafuni mpaka mkono ukazoea. Mwaka 1866 alitoroka kwa meli ya Kiingereza mpaka Aden, na mwaka uliofuata akabatizwa na kuolewa huko na Mjerumani, Heinrich Ruete, wakahamia Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi ambayo lugha yake ndiyo kwanza alikuwa akijifunza. Kuna wajane wawili katika kikundi chetu. Hawakusema kitu, ila mmoja wao aliomba jina la kitabu aandikiwe kwenye karatasi.

Ni lazima niongeze na hili, maana mtu akisimulia upande mmoja anadanganya. Katika kitabu hicho hicho Salme aliutetea utumwa. Alimpenda mama yake, akaeleza jinsi mama huyo alivyonyakuliwa, na bado hakuona ubaya wa kuwa na watumwa wa kumchotea maji. Mimi nilisikitika, lakini sikushangaa sana. Mtu akizaliwa kivulini, jua analoanikwa mwenzake halimchomi.

Maruhubi ni karibu na Mtoni, ukirudi kuelekea mjini. Hili lilijengwa na Seyyid Barghash, mtoto wa Seyyid Said, likakamilika mwaka 1882, na mwaka 1899 likaungua. Zimebaki nguzo nene zilizobeba roshani, zimesimama kwa safu kama kanisa lililoezuliwa, pamoja na hamamu na birika kubwa ambamo mayungiyungi huota. Miembe mikubwa iko kila mahali. Waongozaji husimulia kwamba hapa aliishi mke mmoja na masuria tisini na tisa. Sijui nani aliwahesabu. Hesabu iliyo kamili namna hiyo hunitia shaka. Lakini kwamba nyumba ilijengwa kwa ajili ya wanawake wengi, na kwamba bwana wake alikuwa akiishi mjini na kuja hapa kutembea, hilo halibishaniwi.

Tuliketi kwenye ukuta mfupi tukala mihogo ya kukaanga, na hapo nikawasimulia wenzangu bustani nyingine ambayo sijaiona kwa macho. Mwanangu wa pili alisoma Nanjing, China, na aliporudi aliniletea kitabu cha picha cha bustani za mji wa Suzhou. Mji huo uko magharibi ya Shanghai, una umri wa miaka zaidi ya 2,500, na mifereji inapita katikati yake kama barabara zinavyopita kwetu. Mabwana waliostaafu kazi za serikali walijenga nyumba zao mle, na ndani ya ukuta wa nyumba wakatengeneza bustani: bwawa, daraja dogo, mianzi, na mawe yaliyotobokatoboka kutoka Ziwa Tai yaliyopangwa yafanane na milima. Njia zake hupinda makusudi, ili usione kila kitu mara moja. Kwenye kuta wametoboa madirisha ya maumbo mbalimbali, kila dirisha likikuonyesha kitu kimoja tu: tawi, jiwe, pembe ya paa. Iliyo kubwa na mashuhuri kuliko zote inaitwa Zhuozheng Yuan, iliyoanzishwa karibu na mwaka 1509. Shirika la UNESCO liliziingiza bustani hizi katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997, likaongeza nyingine mwaka 2000.

Ile inayonikaa moyoni inaitwa Ou Yuan. Mwaka 1874 ilinunuliwa na ofisa mmoja, Shen Bingcheng, aliyeacha kazi kwa ajili ya ugonjwa. Mkewe, Yan Yonghua, alikuwa mshairi na mchoraji. Neno *ou* katika maandishi yao maana yake ya zamani ni watu wawili wanaolima bega kwa bega. Likitamkwa, linafanana na neno la mume na mke. Kwa hiyo ni bustani ya wawili waliolima pamoja. Nyumba iko katikati, na bustani mbili ziko kushoto na kulia, kama mtu mwenye mikono miwili. Maji ya mfereji yanaizunguka pande tatu. Waliishi pale kama miaka minane, wakisoma na kuandika mashairi, na ubeti uliochongwa mle unatajwa kuwa ni wa mke.

Mama mmoja akauliza, "Na hao, nani aliwachotea maji?" Nikakubali kwamba bila shaka walikuwa na watumishi; kitabu cha picha hakikuwaonyesha. Lakini akaongeza, "Angalau kukaa walikaa wote wawili." Yule mwenzetu mwenye mchungwa, aliyekuwa kimya tangu Same, akasema, "Rudia hilo jina lake." Nikalirudia. Akalitamka mara mbili tatu kama mtu anayeonja chumvi.

Kidichi nitaipita haraka, ingawa yenyewe ni nzuri. Ni hamamu iliyojengwa mwaka 1850 juu ya kilima, katikati ya mikarafuu na minazi, kwa ajili ya mke wa Seyyid Said aliyetoka Uajemi. Mafundi wa Kiajemi walichonga kwenye chokaa za kuta maua, mitende na tausi. Mke mwenyewe alizoea maisha ya kupanda farasi na kuwinda, hakukaa sana Unguja. Akaachika na kurudi kwao. Kuta zimebaki na maua ya chokaa ambayo hayahitaji kumwagiliwa na mtu yeyote. Tulikaa dakika ishirini, mvua ikatufukuza.

Siku ya pili tulikuwa mjini, Mji Mkongwe. Tulikwenda Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huo huo likaanza kujengwa kanisa kuu la Kianglikana chini ya Askofu Edward Steere, ambaye ndiye pia aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Biblia kwa Kiswahili. Kuna sanamu za watumwa waliosimama shimoni, minyororo shingoni. Sitaeleza zaidi, nendeni mkaone wenyewe, na kama mna watoto wadogo zungumzeni nao kwanza.

Jambo nililojifunza pale sikuwahi kulisikia shuleni. Sote tunajua kwamba utumwa ulifutwa Zanzibar mwaka 1897. Lakini amri ile iliwaacha nje masuria. Mwanaume au mwanamke wa shambani aliweza kwenda kudai uhuru wake, ila mwanamke aliyekuwa suria ndani ya nyumba hakuhesabiwa pamoja nao. Wakubwa walilichukulia jambo lake kuwa la ndoa na familia. Mlango huo ulifunguliwa mwaka 1909 tu. Miaka kumi na miwili! Mtoto aliyezaliwa siku ya amri ya kwanza alikuwa tayari anaweza kumsaidia mama yake kubeba mzigo siku ya amri ya pili.

Bibi yetu wa miaka sabini na mitatu alikaa kwenye ngazi za kanisa. Akatusimulia habari ambazo yeye alizisikia kwa bibi yake, za watu wa milimani kukimbilia msituni na mapangoni wakati misafara ilipopita chini kwenye Bonde la Pangani, na za watoto wa kike waliokwenda kuteka maji wasirudi. Bonde hilo linakwenda mpaka pwani, na kutoka Pangani kuvuka hadi Unguja si mbali. Hakuna aliyetuambia kwamba fulani wa Upare alimwagilia michungwa ya Mtoni, wala mimi sisemi hivyo. Ila tuliporudi tena kwenye jua, nadhani kila mmoja wetu alikuwa akilifikiria jambo lile.

Ukitoka hapo uende upande wa Vuga utakuta Bustani ya Victoria. Hii nayo ilikuwa ya Seyyid Barghash, ya wanawake wa nyumba yake, wakija kuoga na kupumzika nyuma ya ukuta. Baadaye Sultani Hamoud bin Mohammed, aliyetawala kati ya 1896 na 1902, aliitoa kwa watu wa mji. Jumba lililo ndani yake lilikuja kuwa mahali pa vikao vya Baraza la Kutunga Sheria tangu mwaka 1926 mpaka 1964. Fikirini: mahali pa hamamu ya wanawake wasiotoka nje pakawa mahali pa kutunga sheria. Siku tuliyofika hapakuwa na mkutano wa mtu yeyote. Kulikuwa na wanafunzi wa kike wawili wenye buibui wakisomeana madaftari chini ya mti, na mzee aliyelala na gazeti usoni. Sisi kumi na wawili tukavua viatu, tukakaa kwenye majani.

Tulikaa saa nzima. Huenda unacheka, msomaji, lakini jiulize mara ya mwisho ulipokaa saa nzima bila maharage ya kuchambua mapajani. Mwanzoni hatukujua la kufanya na mikono. Mmoja alianza kung'oa magugu ya bustani ya serikali tukamkataza. Kisha polepole mazungumzo yakaja, ya waume, ya mabinti wanaokaribia kuolewa, ya maumivu ambayo mtu hayasemi kwenye kikao. Mdogo wetu, yule aliyeacha mtoto kwa bibi, alilala usingizi mzito kichwa kikiwa kwenye paja la bibi wa miaka sabini na mitatu.

Pale pale yule mwenzetu alituambia habari ya uwanja wake. Wengi tulidhani atasema kwamba atakataa katakata. Hakusema hivyo. Alisema mwanawe wa kwanza anaingia kidato cha tano na fedha inahitajika kweli, na kwamba mume wake si mtu mbaya, anafanya hesabu tu. "Ila hajawahi kukaa pale," akasema. "Benchi lile alilitengeneza yeye kwa mikono yake mwaka tulipooana, na hajawahi kulikalia zaidi ya kuvaa viatu. Anafikiri ni la kwangu."

Niseme hapa hapa yaliyotokea, maana najua mtaniuliza. Aliporudi Myamba alimsimulia mumewe safari yote kwa siku tatu, habari za Mtoni, za Jilfidan na za wale wawili wa Suzhou. Siku ya nne wakapima uwanja kwa hatua, wote wawili. Theluthi mbili zikaenda kwa tangawizi, mawaridi mengi yaking'olewa. Mengine alitugawia na moja liko kwangu, linachanua. Mchungwa na benchi vikabaki. Analalamika kwamba kivuli kimekuwa chembamba, na siku nyingine mumewe huja kukaa huku ana simu ya bei ya tangawizi sikioni. Anasema hata hivyo anakuja.

Usiku wa mwisho tulikwenda Forodhani, bustani iliyo ufukweni mbele ya mji. Ilitengenezwa katika miaka ya 1930, ikaitwa ya Jubilii, na baada ya Mapinduzi ya 1964 ikapewa jina la Jamhuri, lakini watu wanaiita Forodhani tu. Mwaka 2009 ilifunguliwa upya baada ya matengenezo makubwa yaliyofanywa na shirika la Aga Khan. Jua likizama wauzaji huwasha taa na kupanga pweza, ndizi, mishikaki, na ile mikate ya kukaanga yenye mayai inayoitwa pizza ya Zanzibar. Watoto wanajirusha baharini kutoka ukutani, mama zao wanawapigia kelele. Hapa hakuna anayezuiwa kukaa. Kando yake ni Beit al-Ajaib, jumba la Seyyid Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Bibi alikula miguu ya pweza mitatu baada ya kutangaza kwamba hatagusa kitu chenye miguu minane.

Kwa kikundi kinachotaka kufuata nyayo zetu, msiende wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Bahari huchafuka na njia ya Kidichi huwa tope tupu. Bebeni kitambulisho cha kila mtu, maana kinatakiwa bandarini. Vaeni nguo za heshima zinazofunika mabega na magoti, na kila mmoja awe na kanga ya ziada: inafaa kujifunika, kujitanda, na hasa kutandika. Mtoni na Maruhubi mnaweza kuzitazama siku moja kwa gari la kukodi kwa siku, ambalo mkigawana watu kumi na wawili huwa nafuu kuliko daladala na teksi. Kubalianeni bei kabla ya kupanda. Nendeni Mtoni jioni, saa kumi hivi, upepo unapoanza, na mwombeni anayewatembeza awaonyeshe mahali ilipokuwa roshani.